Pikapu Iliyokwenda Gachoka Ikiwa Ndefu Ikarudi Fupi

Kwenu nyote mnaonisimamisha kila nikipita pale Kaaga: ndiyo, ni pikapu ile ile. Ndiyo, imeshuka. Na ndiyo, mliniona vizuri. Gari ni langu, lakini nilirudi nimeketi nyuma, peupe, juu ya gunia la ndengu, nimekumbatia jogoo, huku rafiki yangu Hussein akiendesha na kupungia watu mkono kama mheshimiwa. Nimechoka kueleza kipande hapa kipande pale, kila mtu akienda kuongeza chake. Anayetaka kujua asome hapa mara moja, kisha aniache ninywe chai yangu kwa amani.

Kaaga: gari linapanda

Wanjira, mke wangu, alijifungua msichana wa pili. Kwao Mbeere msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, na wa pili huchukua jina la mama wa mama. Wa kwanza alishachukua la mama yangu. Kwa hiyo huyu, alipotoka tu, alikuwa tayari ni Igoki, mama mkwe wangu mzima mzima, wala hakuna kamati iliyokaa kujadili.

Shida ni kwamba Igoki mkubwa alikuwa hajawahi kukanyaga kwangu. Tangu nilipomwoa binti yake alisema atakuja siku mkwe atakapokwenda kumchukua yeye mwenyewe. Nami nilikuwa nikiahidi mwezi ujao, mwezi ujao, mpaka nasikia kule kwake Gachoka wakaanza kuniita Mwezi Ujao. Safari hii alituma neno kwa simu: "Mwambie akikuja nitakuja. Akituma nauli, akae nayo. Na asipokuja sasa, huyo mtoto mtafutieni jina ingine."

Wanjira hakucheka. Aliniambia, "Mutuma, mimi nataka mamangu. Nimechoka kulea mtoto na simu." Hapo nikajua utani umekwisha.

Mtu mwenye akili angetia mafuta akaondoka. Mimi nilikwenda kwa Hussein. Wasiomjua, Hussein ni mtu wa Maua aliyehamia Meru mjini, husafirisha miraa, na anaamini kwamba matatizo yote ya dunia hii yanaletwa na magari mafupi.

"Njia ya kwa mkweo ina mawe," akasema, akiiangalia pikapu yangu kwa huruma. "Unaenda na hii kobe? Ikwame mbele ya wakwe? Inua gari, bana."

Tukaliinua. Tulitoa springi za nyuma, zile chuma bapa zinazopangwa moja juu ya nyingine kama chapati, tukaweka nyingine ngumu alizokuwa nazo. Kati ya springi na ekseli, ule mtaimbo unaoshika magurudumu mawili ya nyuma, tukasukuma vipande vinene vya chuma ili mwili ukae juu zaidi. Sasa, kila springi ya aina ile ina boliti ya katikati, ambayo kwa kweli haiko katikati. Upande mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Hussein akatangaza sheria.

"Sikiza. Ule upande mrefu unaenda mkono wa kulia. Usisahau. Kulia."

Akafunga ya kwake, akanawa, akaenda msikitini. Mimi nikazunguka upande wa pili wa gari, nikalielekea kama yeye alivyolielekea, nikaweka upande mrefu mkono wa kulia. Ilikataa kidogo kuingia. Nikaipiga nyundo, ikakubali. Kumbukeni hiyo nyundo.

Wanjira alitoka na mtoto mgongoni, akalitazama gari kutoka chini hadi juu. "Na mama atapandaje hapo?"

"Atapanda," tukamjibu sisi wawili, kwa pamoja, kama watu wanaojua.

Kaaga hadi Nkubu: mafuta ya chapati

Kabla hatujatoka mjini niligundua kwamba ili gari liende moja kwa moja, nilipaswa kushika usukani kama mtu anayekata kona kuingia kwake. Ukiuacha unyooke, gari linaelekea mtaroni. Na nyuma kushoto gurudumu lilikuwa linasugua bodi kila tukiruka tuta: kwiiiich.

"Ni upya," Hussein akasema. "Hizo springi bado zinazoeana."

Tulipofika Nkubu zilikuwa hazijazoeana. Mama mmoja wa ndizi alitutazama tukiegesha, akainamisha kichwa upande, kisha akakiinamisha upande wa pili. "Mko sawa?" akauliza. Tukamwambia tuko sawa sana.

Hussein akaingia chini ya gari, akatoka na jibu. Bushi ni kavu, zile raba zinazokaa kwenye ncha za springi. Zinataka mafuta. Grisi hatukuwa nayo, kwa hiyo akachukua kopo la mafuta ya kupikia nililokuwa nampelekea mama mkwe kama zawadi, akazipaka kwa ukarimu mkubwa. Sauti haikuisha. Ila baada ya mwendo kidogo chuma zikapata joto, na gari letu likaanza kunukia chapati. Kutoka hapo hadi Igoji kila mbwa aliyekuwa amelala kando ya barabara aliamka akatufuata. Hussein anaogopa mbwa, akafunga dirisha, tukaiva mle ndani bure.

Nkubu hadi Chuka: tunatafuta mtu mzito

Baada ya Igoji Hussein akatafakari, akaja na jibu la pili. Gari linavuta upande kwa sababu dereva ni mnene. Mnene ni mimi. Tukabadilishana. Yeye ni mwembamba kama kijiti cha miraa yake mwenyewe, lakini gari likaendelea kuvuta upande ule ule. Hakuomba msamaha. Alisema unene wangu ulikuwa umeshaharibu springi.

Tukanunua mikungu miwili ya ndizi, tukaipanga nyuma upande wa pili ili isawazishe. Haikutosha. Karibu na Chogoria mzee mmoja mwenye kofia, mkubwa wa mwili, akatupungia mkono akitaka msaada wa kufika Chuka. Hussein alivyosimama kwa furaha ungedhani ni mjomba wake.

"Mzee, karibu sana. Lakini keti hapa, upande huu. Na tukifika kona, egemea huku."

Mzee aliegemea. Mtu mwaminifu kabisa. Kila kona nilimwona kwenye kioo amejilaza juu ya ndizi kwa nguvu zake zote, kofia mkononi. Tulipomshusha Chuka alitushukuru, akaenda zake, nasi tukaingia mahali kunywa chai. Kumbe kule nje alisimulia. Tulipotoka tulikuta wanaume wanne wenye matumbo ya kueleweka wamelizunguka gari.

"Ni nyinyi mnatafuta watu wazito?" mmoja akauliza. "Kazi ni ya siku ngapi?"

Ilituchukua muda mrefu kuwaeleza, na sidhani walituamini. Mmoja alituambia tuna ubaguzi.

Chuka hadi Embu: ushauri wa Dallas

Hussein alikuwa na rafiki yake fundi huko Embu, mtaa wa Dallas, na njia nzima alimsifu. Tukamkuta chini ya gari lingine, shavu limejaa muguka, ile miraa ya Embu inayotafunwa majani. Mambo yangekwenda vizuri kama Hussein angenyamaza. Lakini mtu wa Maua hawezi kumwona mtu akitafuna muguka bila kusema neno.

"Bado mnakula majani ya mbuzi huku?"

Fundi akatoka pole pole. Akasema bora majani ya mbuzi kuliko kuni. Wakaanza. Mimi nikakimbilia hoteli jirani nikala mukimo na nyama ya kuchemsha, kwa sababu ugomvi wa miraa na muguka sitaumaliza mimi. Hussein alinifuata baadaye, akamuuliza mhudumu nyama ile imechinjwa na nani. Mhudumu akafikiri sana, akajibu, "Na mwenye bucha." Hussein akala chapati na maharagwe.

Tuliporudi kazi ilikuwa imekwisha. Fundi, kwa hasira, hakutaka hata kusikia ugonjwa ulikuwa nini. "Hii gari springi zimelala. Nimewaongezea leaf moja moja kila upande. Endeni." Alikuwa ameongeza chuma nyingine bapa kila upande, na sasa gari lilikuwa refu zaidi. Nilipoketi niliona mabati ya watu kwa juu, pamoja na viatu walivyoanika huko.

Lakini ile kwiiiich iliisha! Gurudumu halikufikia bodi tena. Tulipigana viganja kwa furaha. Kwamba usukani bado ulikuwa umepinda, tulikubaliana tusilitaje.

Embu hadi Gachoka: magari mawili

Lami ilitufikisha Gachoka bila aibu. Tukakata kushoto kuingia njia ya vumbi iendayo kwa mama mkwe, jua kali, ndengu zimeanikwa kila ua. Gari likaruka jiwe, na mkungu mmoja wa ndizi ukaanguka. Tukasimama, tukarudi nyuma kwa miguu kuufuata.

Hussein akatazama chini, akasimama. "Kuna gari imepita hapa saa hii."

Kweli. Vumbini kulikuwa na mistari minne ya magurudumu, miwili yetu na miwili mingine pembeni yake, mibichi kabisa.

"Hatujapishana na mtu," nikasema.

"Basi imetutangulia."

Niliwaza kwamba mama mkwe amechoka kumngoja Mwezi Ujao, amepata mtu mwingine wa kumpeleka, au mbaya zaidi, shemeji zangu wamekuja kumwambia asiende. Nikaubeba ule mkungu nikaanza karibu kukimbia, macho kwenye ile mistari ya mgeni. Iliendelea kandokando ya yetu, bega kwa bega, ikapanda kilima kidogo, na ikaishia kwenye pikapu yetu.

Tukasimama nyuma ya gari. Mistari minne ilifika pale. Gari lilikuwa moja.

Hussein akaenda mbele ya gari, akarudi nyuma. Kisha akachuchumaa. "Mutuma. Magurudumu ya nyuma haifuati ya mbele. Hii gari inatembea kama mbwa."

Mmewahi kumwona mbwa akikimbia barabarani, miguu ya nyuma imekaa upande kana kwamba inataka kuipita ya mbele? Ndivyo tulivyotoka Meru. Tumepita miji yote hiyo tukitembea upande, na kila mtu aliona isipokuwa sisi.

Kwa mama mkwe

Alikuwa amejiandaa tangu asubuhi. Nguo ya kanisa, kitambaa kichwani, mkoba, gunia la ndengu, jogoo kwenye kikapu. Tukasalimiana kwa mbali, mimi nikitazama jikoni na yeye akitazama zizi, kwa sababu mama mkwe na mkwe wa kwetu hawashikani mkono, hawagusani, wala hawaketi karibu. Vijana wa siku hizi wanakumbatiana na wakwe zao kwenye picha. Mama huyu anaimba kwaya na husali kuliko sisi sote, lakini habari ya mkwe haichanganyi na kwaya.

Akaizunguka pikapu. "Hii gari yenu ni mrefu ya nini?"

"Ni ya mawe, mama," Hussein akasema.

"Mawe iko wapi?"

Tukatazama. Kwa kweli ile njia ilikuwa imesawazishwa.

Akaweka mguu kwenye ngazi ya mlango, haukufika. Tukaleta kigoda, haukufika. Mtu angemshika mkono na kumwinua kidogo tu angeingia, na wanaume tuliokuwepo ni wawili, lakini mimi ni mkwe, na Hussein alikuja nami kupeleka mahari, kwa hiyo na yeye ni mkwe. Tulisimama mikono nyuma, vijana wawili wenye nguvu, hatuna faida yoyote. Wakaitwa akina mama wawili majirani, wakamsukuma kutoka chini, wakihesabu. Alifika nusu, akakwama, kitambaa kikaanguka.

"Nishusheni!" akasema. "Mimi si gunia."

Walipomshusha alijifunga kitambaa upya, polepole, na hakuwa anacheka. Akauchukua mkoba wake. "Mwambie Wanjira nilijaribu. Mtoto ataniona akikuwa mkubwa."

Nikamwona akilini Wanjira mlangoni kwetu akingoja gari, na mimi nashuka peke yangu. Nikasema kwa sauti kubwa, nikilitazama zizi, "Mama, usiingie ndani. Tutaishusha. Leo hii."

"Na chakula?" akauliza. Maana hata kwa hasira, mgeni hali njaa kwake. Alikuwa anataka kututwangia muthokoi, mahindi ya kukobolewa kinuni.

Hapo ndipo shida nyingine ikazaliwa. Gari lilikuwa refu mno kwa jeki yetu. Kitu pekee kigumu kwenye ua ule kilichoweza kuibeba jeki kilikuwa kinu cha mama. Tukakipindua, tukaweka jeki juu yake. Na muthokoi bila kinu haupo, mahindi hayatoki maganda kwa maombi. Kwa hiyo mama aliketi mlangoni pa jikoni na mchi mkononi, mahindi yake kwenye ungo, akingoja kinu kitoke chini ya gari, na sisi tukilala mavumbini na njaa tukingoja chakula kitoke kwenye kinu.

Tulitoa vipande vyote vya chuma tulivyokuwa tumesukuma. Tulitoa zile leaf za Dallas, Hussein akazirusha kando kwa matusi ya muguka. Kisha akaanza kukagua springi upande wake, mimi upande wangu.

"Mrefu ni kulia!" akapaza sauti.

"Hata hapa ni kulia!" nikajibu.

Jogoo akawika.

"Mutuma, kulia kwako ni wapi?"

Nikanyoosha mkono kuelekea lango. Nikachungulia chini ya gari kumwona. Yeye alikuwa amenyoosha wake kuelekea jikoni.

Tulibaki hivyo muda, kila mtu na kidole chake. Springi moja ilikuwa inaelekea mbele na nyingine nyuma, na ekseli katikati imevutwa huku na huku. Ndizi, mzee wa Chogoria, mafuta ya chapati, yote yalikuwa ya bure.

"Lakini nilikwambia kulia," Hussein akasema, kwa sauti ndogo.

Nikasikia kitu kama kikohozi. Mama mkwe alikuwa ameshika mlango wa jikoni kwa mkono mmoja, mchi umeanguka, anacheka mpaka machozi. "Nyinyi," akasema, akashindwa, akaanza tena. "Nyinyi mmetoka Meru, wanaume wawili, mkitembea upande?"

Tukaigeuza ya kwangu. Safari hii iliingia yenyewe bila nyundo. Yubolti, zile boliti zilizopinda zinazofunga springi kwenye ekseli, zilibaki na mikia mirefu, tukazijaza washa, vile vipete bapa vya chuma, mpaka zikakaza. Gari likashuka, kinu kikatoka, na muthokoi ule nitausimulia wajukuu wangu.

Mama akaweka mguu kwenye ngazi, akaingia peke yake, akaketi, akapanga nguo. Nikafungua mlango wa dereva, na hapo tukatazamana na Hussein. Pikapu yangu ina kiti kimoja kirefu. Atakayeendesha ataketi bega kwa bega na mama mkwe.

Mama aliwaza kidogo. Akamgeukia Hussein. "Wewe. Siku ya kuleta mahari. Ulikula nyama?"

"Hapana, mama. Ilikuwa Ramadhani. Nilikuwa nimefunga."

"Hukula hata kidogo?"

"Hata supu."

"Basi asiyekula nyama ya mahari si mkwe wa hapa. Ingia uendeshe."

Nilichukua muda kuelewa. "Kwa hivyo," nikasema, na nadhani nilipaza sauti mbele ya mama mkwe, Mungu anisamehe, "Hussein angeweza kumwinua mama tangu tulipofika?"

Hussein alikuwa ameshawasha gari.

Gachoka hadi Kaaga

Sina mengi ya kusema kuhusu kurudi, kwa sababu kutoka kule nyuma sikusikia vizuri. Niliona tu migongo yao kwenye kioo. Walicheka Embu. Walicheka Runyenjes. Hussein alikuwa anasimulia, na kila akinyoosha kidole kimoja huku na kingine kule, nilijua yuko wapi kwenye hadithi. Niliona wivu, nisidanganye. Miaka yote hii mimi na mama huyu tumezungumza na zizi, na mtu asiyekula nyama anapewa kiti.

Mvua ilitupata Chuka. Mzee wetu wa kofia alikuwa amejikinga kwenye kibanda, akaniona nimelowa na jogoo wangu, akanipungia. "Sasa ni wewe wamepata?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo.

Lakini nilitazama nyuma kwenye lami yenye maji, na njia tuliyoiacha ilikuwa ya mistari miwili tu. Nikafurahi kwelikweli.

Kaaga mlituona. Wanjira alikuwa mlangoni. Mama akashuka kwa miguu yake mwenyewe, bila kigoda, bila mtu, akatembea moja kwa moja mpaka kwa binti yake, na walivyoshikana nikaenda kufunga gari ambalo lilikuwa tayari limefungwa.

Baadaye nilipoingia alikuwa amempakata mtoto. Aliponiona alisimama, akamlaza kwenye kiti kati yetu, akamfunika, akarudi nyuma mpaka ukutani. Akatazama dirishani, mimi nikatazama kabati, kama kawaida yetu.

"Mchukue Igoki," akasema. "Huyo unaweza kuinua."

Nikamwinua.